Pikipiki ya Mpole Haikohoi

Pale kwenye kona, ukuta wa karakana ya Fundi Grisi unapokutana na barabara, kuna benchi la mbao lililolainishwa zaidi na makalio ya wanaume kuliko lilivyowahi kulainishwa na randa. Hapo ndipo madereva wa pikipiki wanapongojea abiria. Wakikosa abiria wanapiga soga, na wakichoka soga wanabishana. Kahawa huuzwa na mama mmoja wa makamo wanayemwita Bibi Birika, anayesikiliza kila kitu na kujibu anapojisikia. Kijiwe hicho kina sheria moja ambayo hakuna anayekumbuka nani aliitunga: mtu hukaa kwa cheo cha injini yake. Pikipiki inasimamishwa kwenye stendi kubwa, gia ikiwa huru, mwenyewe anavuta mafuta mpaka mwisho, na benchi zima linanyamaza kusikiliza. Injini inapanda, inapanda, kisha inafika mahali inaanza kukatakata sauti, kah-kah-kah, kama mtu aliyepaliwa na maji. Hapo wanasema imekohoa. Ambaye yake inachelewa kukohoa kuliko zote ndiye anayekaa kwenye ncha ya benchi, kivulini, karibu na birika, na kikombe cha kwanza ni chake.

Ncha hiyo ilikuwa ya Radi tangu benchi lilipokuwa jipya. Jina la Radi hakujipa, alipewa na abiria waliokuwa wakishuka wakiwa wameshika kofia zao kwa mikono miwili. Sasa alikuwa amekaa katikati, juani, goti lake likigusana na goti la Profesa, fundi redio wa jirani ambaye hana pikipiki lakini ana maoni. Kwenye ncha alikaa Mpole. Huyu Mpole ni mtu ambaye ukimkanyaga ndiye anayekuomba radhi, na hata hiyo ncha alikalishwa kwa kusukumwa. Lakini ukweli ni kwamba pikipiki yake, tangu ilipotoka kwa fundi, haikohoi. Walishaivuta mpaka Bibi Birika akaziba masikio, haikukohoa.

Roho ilimuuma Radi, tena vibaya. Kama ingekuwa ni benchi peke yake, labda angemeza mate yakapita. Lakini tangu mwezi uliopita mke wake, ambaye anauza mayai sokoni, kila jioni alikuwa anarudi nyumbani juu ya pikipiki ya Mpole. Siku ya kwanza alisema Radi alikuwa na abiria. Siku ya pili hakusema kitu. Na Radi hakuuliza, kwa sababu jibu alikuwa nalo: ni injini. Mwanamke gani atakaa nyuma ya pikipiki inayokohoa ikiwa kuna isiyokohoa?

Ndiyo maana asubuhi hiyo alijifungia uani akafungua siti, akatoa kile kiboksi cheusi kinachopeleka moto kwenye plagi, akaweka kingine. Kiboksi cha kiwandani kina kipimo, injini ikizunguka kupita kiasi kinakata moto. Hiki kipya hakikati. Aliyemuuzia aliapa kwa jina la mama yake. Radi alikuwa hajakijaribu bado. Alitaka kukijaribu mbele ya benchi zima, jioni, mkewe akiwa anakuja.

– Hebu niambie, Fundi, alianza Radi jioni hiyo. Hii pikipiki ya Mpole unailisha nini?

Fundi Grisi alikuwa amechuchumaa mlangoni pa karakana, akisugua mnyororo kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani.

– Petroli, akajibu.

– Petroli tunatia wote.

– Basi endelea kutia.

– Radi ana hoja, akadakia Profesa. Petroli ya Mpole inanukia tofauti. Mimi hii pua yangu haijawahi kunidanganya.

– Juzi ilikwambia kahawa yangu ina chumvi, akasema Bibi Birika huku akimimina.

– Na ilikuwa na chumvi!

– Lilikuwa jasho lako, lilidondoka kikombeni.

Wakacheka, na Mpole naye akacheka, kwa heshima, mkono mdomoni. Radi hakucheka.

– Mimi nasema ni dawa, akasema. Kuna watu wanapaka dawa kwenye plagi.

– Dawa ya nini, kaka? akauliza Mpole taratibu, kama mtu anayetaka kujua kweli.

– Ya kupandisha injini. Na ya kuvuta abiria wa watu.

Maneno ya mwisho yalimtoka kabla hajayashika. Bibi Birika akamtazama, akatazama pembeni, akaanza kusuuza vikombe ambavyo vilikuwa safi.

– Ni valvu tu, kaka, akasema Mpole. Ile ya moshi iliungua. Fundi alipofungua kichwa cha injini akakuta na springi zimechoka. Hakuwa na za saizi yangu, akaniwekea za pikipiki kubwa. Kiboksi nacho kilikuwa kimekufa, akaniwekea cha pikipiki kubwa hiyohiyo. Mimi nilitaka iwake, niende kazini.

Hapo ndipo Radi alipomchukia kabisa. Mtu akikesha anatafuta kitu, akakipata, unaweza kumvumilia. Huyu alipewa bila kuomba, na wala haonyeshi kufurahi.

– Na lile bomba pana la moshi? akaendelea kuchimba. Nalo lilikufa?

– Lilitoboka, akajibu Fundi badala yake. Nikaweka lililokuwepo, likawa pana. Injini ikaanza kupumua sana, hewa nyingi, mafuta machache, ikawa inachemka. Ikabidi nitoe kile kitundu cha mafuta kwenye kabureta niweke kikubwa. Nilikuwa nikigusa hiki, kile kinadai na chenyewe. Wiki nzima imenila. Unadhani nilikuwa nafanya mashindano?

– Fundi, wewe unaongea kama mtu wa spana, akasema Profesa, akijivuta mbele. Ngoja niwape sayansi yake. Injini ina aibu.

– Ina nini?

– Aibu. Kiwandani wanaipigisha kelele mbele ya watu wengi, wanapima pale inapoanza kuona haya. Ndipo wanapoweka alama, inakohoa. Sasa Fundi alipoweka springi ngumu, aibu ikatoka. Injini ya Mpole imekuwa haina haya.

– Imefanana na mwenyewe, akasema Radi, na safari hii alisema kwa makusudi.

Mpole akatazama kikombe chake.

– Siyo hivyo tu, akaendelea Profesa, ambaye akishapata upepo hasikii breki. Pikipiki ikipita pale pa kukohoa, inaanza kuiacha sauti yake nyuma. Ndiyo maana Mpole unamwona ameshafika, halafu ndiyo unasikia anakuja.

– Mpole? akasema Fundi. Huyu anayesimama kuwapisha kuku?

– Nazungumzia uwezo, sizungumzii matumizi! Tena nikwambieni jambo moja, mlishike. Abiria anayekaa juu ya injini isiyokohoa hazeeki kama sisi. Mtikisiko wake ni laini, unanyoosha ngozi. Unaingia mgongoni, unapanda shingoni, unafika usoni. Wazungumzaji wa mambo haya wanajua.

– Wazungumzaji gani? akauliza Bibi Birika.

– Mimi.

Benchi liliangua kicheko, lakini Radi hakuwa nao. Alikumbuka jinsi mkewe alivyoingia jana, anaimba kwa sauti ya chini, uso unang'aa, akaweka kikapu chini kwa utulivu kama mtu aliyetoka kupumzika. Zamani akishuka kwenye pikipiki ya Radi alikuwa anaingia ndani bila kusema, anakwenda moja kwa moja kunawa uso. Radi alijikuta anaamini habari ya ngozi, na alijua ni upuuzi, na aliamini vilevile.

– Profesa, unapotosha watu, akasema Fundi Grisi. Aliinuka, akafuta mikono kwenye suruali, akachukua kikombe kitupu cha Radi. Tazameni. Hiki kiwe silinda. Kidole changu hiki kinachotoka chini ni pistoni, inapanda. Hiki kinachotoka juu ni valvu, inashuka kuingiza hewa. Nafasi ni ileile moja, wanapishana. Mmoja akiingia mwingine awe ameshatoka. Nani anamrudisha valvu juu?

– Springi, akasema Mpole.

– Springi. Sasa injini ikizunguka kupita uwezo wa springi, springi haiwahi. Valvu anabaki ananing'inia mlangoni, na pistoni akija hapigi hodi. Ndiyo maana kiboksi kinakata moto. Kile kikohozi mnachokicheka siyo udhaifu. Injini inajiokoa pale.

– Kwa hiyo ya Mpole haijiokoi, akasema Radi upesi.

– Ya Mpole nayo ina mwisho wake, ila uko juu zaidi, kwa sababu springi zake zinaweza. Nyinyi mnaachia mafuta kabla haijafika kwa kuwa Bibi anapiga kelele.

Radi akageuza kikombe mkononi alipokirudishiwa. Sauti yake ikawa nyepesi mno.

– Na mtu akibadilisha kiboksi peke yake?

– Aweke kipi?

– Kisichokata. Nauliza tu.

– Na springi zake zilezile?

– Nimesema nauliza tu, Fundi.

– Na mimi najibu tu. Huyo mtu amwage mafuta, aing'arishe vizuri, aiweke sebuleni awe anaitazama. Itadumu zaidi.

Siku nyingine yoyote Radi angelisikia onyo hilo, maana si mjinga, na pikipiki ile ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba yake. Siku hiyo alichosikia ni fundi anayemlinda mteja wake asipitwe. Bila shaka, alijiambia. Ametengeneza mfalme, sasa anaogopa mfalme atashushwa.

Pengine hata hivyo angenywa kahawa yake, akaahirisha. Lakini Mpole alilitazama jua lilipofika juu ya paa la karakana, akasimama.

– Shemeji atakuwa njiani, akasema. Ngoja niifute siti.

Akachukua kitambaa, akaikung'uta siti ya nyuma, akaifuta vumbi kwa uangalifu, pembe kwa pembe, mpaka kwenye mishono.

Siti! Mwanaume mwingine anamfutia mkewe siti, mchana kweupe, mbele ya watu wote, na mwenye mke amekaa hapo anatazama.

– Acheni hizo siti, alisema, na alikuwa ameshasimama. Leteni masikio.

Aliikokota pikipiki yake mpaka mbele ya benchi, akaipandisha kwenye stendi kubwa kwa mpigo mmoja. Fundi Grisi akainamisha kichwa, akautazama ule upande wa siti, na bolti moja iliyokuwa imekazwa vibaya.

– Radi. Umefanya nini humo ndani?

– Kaa usikilize.

– Radi, sikiliza wewe kwanza...

Akakanyaga kiki mara moja, ikawaka. Akavuta mafuta. Injini ikapanda, sauti ikawa nyembamba, ikafika pale inapokohoa siku zote, na watu wakakunja nyuso kungojea. Haikukohoa. Ikapita. Profesa akasimama. Radi aliona mdomo wa Profesa ukifunguka, akaona vikombe vinatembea vyenyewe juu ya meza ya Bibi Birika, akaona macho ya Mpole yametoka pima, na raha iliyomwingia hapo ilikuwa kubwa kuliko ya siku aliyonunua pikipiki. Akageuza mkono zaidi.

– Achia! Fundi alikuwa anapiga kelele, mikono hewani. Achia mafuta, we mtu, achia!

Radi alimsikia. Akavuta ile nafasi ndogo iliyobaki.

Ikasema tak. Sauti kavu, ndogo, ya kitu kimoja kugonga kingine ndani ya chuma. Baada yake hapakuwa na sauti yoyote, ila kikombe kimoja kilichokuwa bado kinatetemeka.

Radi alipiga kiki. Ilishuka mpaka chini bila kupinga, kama anakanyaga hewa. Akapiga tena. Akapiga mara nyingi, jasho likimchuruzika puani, na hakuna aliyemzuia.

– Zimegongana, akasema Fundi mwishowe, kwa upole ambao hakuwa nao kabla. Valvu zimepinda. Pistoni sijui, mpaka nifungue. Acha kuipiga, ndugu yangu, utamaliza na kiki.

– Imepita, Radi alisema. Mlisikia? Imepita ya Mpole.

– Imepita, akakubali Profesa. Mimi naona kilichotokea ni kwamba ilikwenda kasi mpaka ikajikuta kesho, na kesho kulikuwa hakuna mafuta.

– Profesa, nyamaza, akasema Bibi Birika.

Mpole alikwenda akaishika pikipiki ya Radi kwa upande wa pili, akasaidia kuishusha kwenye stendi kama mtu anayeshusha mgonjwa. Radi angependa amchekelee. Angependa sana. Angejua pa kuelekeza hasira yake.

Hapo ndipo mkewe alipotokea, anavuka barabara na kilemba chake cha sokoni, mikononi trei za mayai zimefungwa pamoja kwa mpira. Aliona watu wamesimama duara, akaona pikipiki ya mumewe, akaongeza mwendo. Akampa Bibi Birika zile trei bila hata kumwangalia, akamshika Radi mikono yote miwili, akamgeuza huku na huku.

– Umeanguka? Umegongwa na nani? Damu iko wapi?

– Sikuanguka.

– Sasa pikipiki imekuwaje?

– Injini, shemeji, akasema Fundi. Imevunjika ndani.

– Ikiwa inakwenda wapi?

Fundi akamtazama Radi, akataka kumwachia ajibu mwenyewe, akaona hajibu.

– Ilikuwa kwenye stendi, akasema.

Mwanamke akaitazama stendi. Akalitazama benchi, vikombe, uso wa Profesa. Hakuelewa, na alionekana hakuelewa.

– Nilitaka ipite ya Mpole, Radi alisema. Sauti yake ilitoka chini sana, na alikuwa anaongea na ardhi. Isikohoe. Ili jioni uwe unarudi na mimi.

– Ya Mpole?

– Si unaipanda kwa sababu ya injini?

– Baba watoto, akasema mkewe. Mimi najua nini injini? Nabeba mayai yaliyobaki. Kila jioni nikirudi na wewe yalikuwa yanafika mchuzi, trei nzima, na nguo yangu inachafuka juu yake. Nakugonga begani, polepole, polepole, husikii, wewe na kelele zako. Huyu kaka wa watu anaendesha mpaka nasinzia. Hayavunjiki. Nikifika nyumbani nina nguvu ya kupika.

Mpole alikuwa amegeuka, anaangalia ukuta wa karakana kama umeandikwa kitu.

– Mwezi mzima? akaendelea mwanamke, na sasa hakuwa anamwuliza Radi peke yake. Aliwatazama wote, mmoja mmoja, Fundi na madereva na Profesa. Mwezi mzima mko hapa mnaongea injini. Na wewe, baba watoto, tunalala kitanda kimoja. Kwa nini hukuniuliza?

Fundi Grisi akarudi kwenye mnyororo wake, akaanza kuusugua mahali palipokwisha kung'aa. Bibi Birika alikuwa ameshikilia mayai, naye akawa anamtazama Radi, anangoja. Radi alipekua kila alichojua kuhusu moto na mafuta na kikohozi, na hakukuta neno hata moja la kumpa mke wake.

– Haya, akasema mwanamke. Jua linazama.

Akaenda akapanda nyuma ya Mpole, siti iliyofutwa. Mpole alimtazama Radi kwanza, kama anayeomba ruhusa, na Radi akaitikia kwa kichwa kwa sababu hakuwa na namna nyingine. Kisha Radi mwenyewe akazichukua trei kwa Bibi Birika, akazileta kwa mikono miwili, akamwekea mkewe mapajani, akaukaza mpira. Mkono mmoja wa mkewe ulizishika trei. Mwingine ukakaa begani mwa Mpole, na Radi aliuona, akauona vizuri, ukamchoma.

Mpole akawasha, akaingiza gia, akaondoka taratibu. Ilikuwa injini isiyokohoa, na ilinguruma chinichini tu, ikikwepa mashimo moja baada ya jingine. Radi alikuwa bado hajautoa mkono wake kwenye trei ya juu. Akaanza kutembea kando yao, jicho kwenye lile bega, akingoja Mpole aongeze mafuta amwache pale. Akatembea mpaka mwisho wa ukuta wa karakana, akakata kona pamoja nao, na hawakumwacha.